Kumbukumbu Rasmi

Mimi ndiye niandikaye "kicheko" ndani ya mabano
wanapocheka,
na "makofi" wanapopiga meza.
Wakinyamaza, hakuna alama.
Nilimuuliza Karani Mkuu. Akasema: ruka mstari.

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, Bunge la Kaunti, Mombasa.
Viyoyozi viwili, kimoja kinadondosha maji
kwenye ndoo iliyowekwa chini ya bendera.
Anasimama Mheshimiwa Mbeyu Ngonyo,
wa wadi ya kilimani, nyuma ya matangi ya mafuta,
karatasi yake imekunjwa mara nne, ndogo kama hirizi.

"Swali nambari sitini na tatu, kwa Waziri wa Maji.
Je, Waziri anafahamu kuwa mfereji wa Kwa Shee
haujatoa hata tone tangu mwezi wa Mlisho,
Ramadhani ikafungwa na kufunguliwa kwa mitungi ya mkokoteni?
Kama anafahamu, amefahamuje, naye hajafika?
Na kama hafahamu, mshahara wake wafahamu nini?"

(Kicheko.)

Spika akaamuru sentensi ya mwisho ifutwe.
Niliifuta kule.
Hapa nimeirudisha.

Waziri akainuka, koti la kijivu, peni mbili kifuani.
Kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimemaliza kuandika,
maana mashine yangu nimeifunza:
nikigonga herufi tatu tu, inajaza yenyewe
*Serikali inalifahamu suala hili
na hatua zifaazo zinaendelea kuchukuliwa.*
Wiki ya bajeti niligonga mara arubaini na moja.
Barabara ya Chaani, herufi tatu.
Mashine ya eksirei iliyofunikwa shuka, herufi tatu.
Walimu wa chekechea wasiolipwa,
jaa la taka linalowaka usiku,
dada wa Mishomoroni aliyejifungulia kwenye benchi.
Kidole changu cha shahada kina sugu.

"Swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika."
Hakupaza sauti. Aliwahi kuwa mwalimu wa darasa la nne
na bado husimama kana kwamba ana chaki mkononi.
"Naomba Waziri anisaidie sarufi.
*Li* ni jana. *Ta* ni kesho. *Na* ni sasa hivi, tukiwa tunatazamana.
Hatua 'zinaendelea'.
Sasa ya Waziri ina miezi saba.
Kule kwangu watoto washajua kunyambua:
mfereji ulikauka, ukakauka, umekauka, hukauka.
Nataka kujua, hiyo *na* yake
inakaa ofisi gani, na inafungua saa ngapi?"

Hapo nilisubiri kicheko, mabano yakiwa tayari.
Hawakucheka.
Lile tone la kiyoyozi likaingia ndooni, jingine likafuata.



Nikaruka mstari. Mara tatu.

Waziri aliahidi jibu la maandishi.
Lilikuja baada ya wiki sita, kurasa mbili, muhuri wa zambarau:
mfereji uliotajwa upo, umethibitishwa kwenye ramani.

Sijasema hili mahali popote, kwa kuwa niliapa:
mfereji huo uko vichochoro viwili kutoka kwangu.
Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, huupitia akienda kununua mbaazi,
huugonga kwa pete yake, kana kwamba kuna mtu ndani.
Jioni ile aliipanga mitungi sita ukutani, akahesabu
pesa za mwenye mkokoteni kutoka kwenye ncha ya leso,
akahesabu tena.
"Mwanangu, leo mumenena nini huko kwenye viti vya kuzunguka?"

Nilitaka kumjibu.
Vidole vyangu vikagonga meza, tap, tap, tap,
kabla sijavikamata.

Akanitazama vidole. Hakuuliza tena.

Karatasi ya shughuli za Jumanne ijayo iko mbele yangu.
Swali nambari mia moja na kumi na nane, Mheshimiwa Ngonyo.
Maneno ni yaleyale, mfereji ni uleule.
Baada ya "Mlisho" ameongeza kwa mkono, wino wa buluu,
"wa mwaka jana",
na mimi nalipiga chapa, herufi moja moja.